Kitambaa cha Mama na Chupa ya Chai

Enzi zetu sisi tuliokulia kwenye zile fleti za matofali mekundu kule Saint Louis Park, Marekani, refa akikosea amekosea, na maisha yanaendelea. Nasema hivi kwa sababu juzi nimemwona mpwa wangu akitazama mpira wa Kimarekani kwenye simu, wachezaji wadogo kama punje za mtama, na refa hata hajashusha kipenga kijana keshawaandikia watu asiowajua kwamba refa ni kipofu. Kisha mchezo unasimamishwa, picha zinaangaliwa mbele, nyuma, pembeni, hata kutoka juu kama anatazama malaika. Chai inapoa. Sisi televisheni ilikuwa ikiturudishia picha polepole, kweli, lakini miaka ile refa mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kwenda kuangalia. Mji mzima umeona, yeye peke yake hajaona, na neno lake ndilo lile lile.

Mimi shule niliiacha mapema, nikaenda kukunja mashuka na marehemu baba yangu kwenye hoteli moja ya Bloomington, kwa hiyo mkiniona nakwenda huku mara kule, mnivumilie. Naandika kama ninavyosema.

Jumapili kwetu ilinukia mahamri na iliki. Mbaazi za nazi ya kopo jikoni, madirisha yamefanya barafu kwa ndani, makoti yetu manne yametandazwa karibu na mabomba ya joto yakinuka kama kondoo aliyeloa. Baba, aliyewahi kuchezesha mechi za mtaani kule Mombasa, hukaa mbele ya televisheni akimtetea kila refa. Mchezo wenyewe hakuujua. "Mbona hawaupigi teke huo mpira?" aliuliza kila wiki. Lakini tukipiga kelele kwamba timu yetu imeonewa, hutugeukia: "Wewe uko kwenye kochi na hamri mkononi, yeye yuko uwanjani. Nani kaona?"

Aliyeuelewa mchezo ni Mama. Siku moja alikuwa akipita na sinia, akamwona refa wa fulana ya milia akitupa kitambaa cha manjano chini, ishara ya kosa, na majitu makubwa kila moja kama kabati la nguo yakanyamaza kimya. "Ala!" akasema. "Kumbe nchi hii wanajua kulea." Kesho yake kulikuwa na kitambaa cha manjano begani mwake, kipande cha leso kuukuu. Umejibu vibaya, kitambaa chini. Umerudi shule na glavu moja, kitambaa chini. Hakupiga wala hakugomba. Kitambaa kinalala hapo kwenye zulia mpaka adhabu iishe, na mwenye kosa anakiokota mwenyewe, anampelekea kwa mikono miwili.

Sasa, kwenye mpira, mara moja moja marefa hukusanyika wakanong'onezana, halafu mmoja akainama akakiokota kitambaa chake mwenyewe: hakuna kosa, endeleeni. Hilo Mama hakulichukua. Utoto wangu wote nilisubiri kumwona akiinama.

Basi mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, Baba akapewa tikiti mbili za mechi na msimamizi wake. Uwanja ule wa kufunikwa paa nilikuwa nikiupita kwa basi na kuutazama kama duka la halua lililofungwa. Tikiti moja ya Baba, moja yangu. Dada yangu Zuhura alikuwa na kumi na mitatu, na alishasema mpira ni mambo ya kitoto. Wiki nzima nikapanga soksi, jozi tatu, ati nisigande. Ndani ya uwanja kuna joto kama jikoni, lakini nani alijua?

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, tukacheza sebuleni. Mpira wetu ulikuwa soksi ya Baba yenye kiazi ndani, ili uwe na uzito. Zuhura, yule yule wa mambo ya kitoto, akarusha kutoka mlangoni. Mimi nikakimbia, nikaruka, mikono juu. Kiazi kikapita, kikaenda kuiangusha chupa ya chai ya Mama, ile ya maua mekundu aliyoipakata kwenye ndege kutoka Mombasa. Kwa nje ilibaki nzima. Ndani ilikuwa imekwisha.

Mama akatokea jikoni. Alichokikuta ni mimi, mikono hewani.

"Kilimgusa mikononi, akakiachia!" Zuhura akawahi.

"Hakikunigusa! Karusha juu kama anamrushia twiga!"

"Kimekugusa, mwongo weye!"

"Wallahi hakikunigusa!"

Mama aliiokota chupa, akaitikisa karibu na sikio, vigae vikalia. Akatuangalia mmoja mmoja. Kisha kitambaa kikashuka, mbele ya miguu yangu.

"Tikiti ataichukua dadako."

Nikamkimbilia Baba chumbani. "Mimi sikuwapo, mwanangu," akasema. "Refa ndiye aliyekuwapo."

"Lakini Mama hakuona! Alikuwa jikoni!"

"Marefa wengi huwa jikoni, mwanangu. Ndio mchezo."

Zuhura akaenda, tena na jozi zangu tatu za soksi. Mimi nikatazama nyumbani na Mama, kitambaa kikiwa bado kwenye zulia. Mwishoni kabisa mchezaji wetu akaudaka mpira ukingoni mwa mstari, miguu yote miwili ndani. Televisheni ikarudia mara tatu. Hata Mama akasema, "Yumo ndani huyo." Refa akasema nje. Tukafungwa. Nikalia, sijui nilimlilia yeye ama nilijililia mwenyewe. Mama akaniwekea hamri la moto gotini.

Zuhura alirudi sauti imemkauka. "Alitoka nje kabisa, nimemwona!" Amekaa juu kule karibu na paa, anakoona watu kama siafu, halafu amemwona! Nikamwambia mimi nimeona mara tatu. Tulibishana mpaka Baba akatutoa nje kupangusa theluji kwenye gari.

Siku hizi Mama anakaa kwangu, Inver Grove Heights. Magoti yamechoka, ila kitambaa kiko begani. Majira haya ya baridi tulikusanyika, wajukuu wanamsikia Kiswahili wanamjibu Kiingereza, na mwanangu Bakari akamwaga juisi ya ukwaju kwenye zulia. Kitambaa chini. Mtoto hata hakushtuka. Akachukua simu ya binamu yake aliyekuwa akipiga picha za video, akamwekea bibi yake mbele ya macho. Mama akavaa miwani, akaangalia mara mbili. Ni kweli, Bakari alisukumwa.

Basi Mama akashika mkono wa kiti, akainama. Taratibu, kwa yale magoti yake. Akakiokota.

"Hana kosa," akasema.

Nikaisikia sauti yangu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni: "Na changu, Mama?"

"Chako kipi?"

"Cha chupa ya chai."

Akavua miwani. "Chako nani alikipiga picha?"

"Kilimgusa!" Zuhura huyo, kutoka jikoni.

"Hakikunigusa! Ulimrushia twiga!"

"Kidole! Kilimgusa kidole!"

Watoto wakainua vichwa kwenye simu zao, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mama akakitupa kitambaa katikati yetu, mimi na dada yangu, akarudi kwenye kikombe chake. Kikalala pale siku nzima, hakuna aliyekubali kukiokota.

Nitawaambia nyinyi rika langu, maana wale wadogo hawasomi kitu kinachozidi urefu wa kiganja: kidole hiki cha mwisho, cha mkono wa kushoto, kilisikia kitu. Labda kiazi. Labda upepo wake. Enzi zetu uliweza usijue, ukazeeka nalo, na dada yako akakupigia simu kila Jumapili mlibishanie. Hawa wa leo wanajua yote kwa nusu dakika. Halafu, sijui, wakipigiana simu wanazungumza nini?