Mama Hakubandikwa Plasta

Mwaka 2013 gari la matangazo lilipita kwetu Kitahana likisema madaktari wa macho wanakuja Kibondo mjini kupima watu bure. Wakati huo mama yangu alikuwa haoni kabisa. Nyumbani tuliamini ni mtoto wa jicho. Jirani yetu mmoja wa rika lake alikuwa amepasuliwa ugonjwa huo, na sasa alilima mwenyewe, kwa hiyo mama hakuwa na shaka. Akamwita dada yangu kutoka Kagerankanda, alikoolewa, aje na mtoto wake mchanga. Alitaka akifunguliwa bandeji, uso wa kwanza kuuona uwe wa mjukuu huyo.

Siku ya kupimwa mama alivaa kitenge chake cha Pasaka, nasi tukampeleka, mimi na dada, mtoto mgongoni. Uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa. Waliokutwa na mtoto wa jicho walibandikwa kipande cha plasta juu ya jicho la kupasuliwa, wakakaa upande wao kusubiri gari la hospitali, wakitaniana kama watu wanaokwenda harusini.

Daktari alikuwa mwanamke mmoja mpole, bado kijana. Alimmulika mama macho yote mawili, akarudia, kisha akaweka tochi yake mezani. Mama akajipapasa paji la uso.

"Mbona hujanibandika, mwanangu?"

Daktari alichuchumaa mbele yake. "Mama, wewe huna mtoto wa jicho. Hii ni presha ya macho. Imeua mshipa wa jicho, na mshipa huo ukishakufa hatuna namna ya kuurudisha. Pole sana, mama yangu."

"Hata mkinipasua?"

"Hata tukikupasua."

Mama akasema, "Haya, asante," kwa sauti ya mtu aliyekaribishwa chai akaikataa.

Daktari akatueleza kwamba ugonjwa huu hurithiwa katika ukoo, akaomba atupime na sisi watoto. Mimi nilikutwa salama. Dada alimpakatisha mama yule mtoto, akaenda kukaa kwenye kiti huku anatabasamu, maana hakuwahi kuumwa macho hata siku moja. Daktari akamfunika jicho moja, akaanza kusogeza kidole kutoka pembeni.

"Ukikiona, sema."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Mimi nilikiona kidole kile tangu mwanzo. Dada alikaa kimya, bado anatabasamu, mpaka kikakaribia pua yake.

Mama hakuwa ametoa chozi kwa ajili ya macho yake. Alilia alipoambiwa habari za dada. "Yoo, mawe!" aliita kwa Kiha, kama mtoto anayemlilia mama yake. "Ni mimi nimempa!" Dada ndiye akawa wa kumbembeleza, akimwambia kwamba yeye ni mzima, anaona, kuna dawa. Wale wa plasta waliacha kutaniana.

Dawa ilikuwepo kweli, ya matone, ya kutiwa kila siku maisha yake yote ili kulinda nuru iliyobaki. Dada alikuwa akiinunua Kasulu mjini, huko wilayani kwake. Wakati mwingine iliisha madukani, akakaa bila dawa mpaka mzigo mwingine uje.

Mwaka uliofuata dada alikuja nyumbani kusaidia mavuno ya maharage. Walikuwa wameketi barazani, ungo katikati yao, mama akasema, "Fumba macho, mwana wanje, mwanangu. Nikufundishe kuchambua kwa vidole."

Dada alisukuma ungo, akatoka uani. "Mimi naona, mama!" alipiga kelele akiwa huko nje. "Bado naona!"

Mama aliokota maharage yaliyomwagika, akaendelea na kazi. Muda ulipita, dada akarudi, akaketi karibu naye, akafumba macho. Mama akamshika vidole.

"Hili limeoza. Sikia lilivyo jepesi, na ngozi imejikunja. Tupa. Hili je?"

"Zima," dada alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka chini ya kope, na sauti yake haikutetereka.

Mama alifariki mwaka 2015, katikati ya masika. Jicho la kushoto la dada lilikuwa limekwisha kuzimika, na la kulia liliona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ukuta. Tulipokuwa tunashuka kwenda makaburini alinishika mkono njia nzima. Aliniambia ni kwa sababu ya utelezi. Njia hiyo ilikuwa imemwagwa kokoto, na haikuwa na utelezi wowote. Nikamwambia kweli, kunateleza sana.