Kompyuta ya Mwalimu wa Ndau

Mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka kisiwa cha Ndau haji Amu mjini bila kupita dukani kwangu ninapouza kompyuta. Chini ya mtandio amening'iniza flashi yenye Linux, mfumo wa bure ambao mtu yeyote aweza kuufungua na kuurekebisha apendavyo. Anatafuta kompyuta ndogo ya kuuwekea. Huinua moja kwa vidole vyake vyenye hina, huchomeka flashi, husubiri iwake, kisha hufumba macho na kuanza kuchapa. Vitufe vikiwa vimebanana mno, huifunga taratibu. "Hii siyo, Bwana Idris," husema, na kuomba nyingine.

Juzi nikashindwa kuvumilia. "Bi Mwalimu, mbona wafumba macho?"

"Daktari meniambia mato yangu hayatafika mbali," akajibu, vidole vikiendelea. "Nataka vidole viyue ndia mapema."

Nikavitazama vidole vikijitafutia njia kwenye vitufe. Yeye akabonyeza kitufe, na kompyuta ikaanza kumsomea alichoandika, kwa sauti kavu kama ya bati. Yalikuwa majina ya wanafunzi wake. Ilipofika kwa Mwanaarabu ikalikatakata jina hilo vipande vipande, na Mwalimu akacheka mpaka akashika meza.

"Si yatengenezeka?" nikauliza.

"Yatengenezeka. Mfumo uko wazi, huyu tamfunda kutamka mwenyewe, inshallah."

Akabonyeza tena, akainamisha sikio karibu na kompyuta. "Haya, sema tena," akaiambia, kwa upole ule wa kumwambia mtoto aliyeanza chuo leo.