Somo la Historia Naguru

Tangu walimu wengi waikimbie nchi kwa kuiogopa serikali ya kijeshi, Mwalimu Abdulghani alimfundisha Akot masomo yote nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Naguru, akifika hoi kila alasiri. Hesabu na fizikia binti huyo alizimudu. Historia ilimshinda, na mtihani ulikuwa umekaribia.

“Mwalimu, hesabu unafundisha kwa sauti. Mbona historia unaninong’oneza, tena unaruka kurasa?”

Barazani, baba yake Akot, askari polisi, alikuwa akicheka na wenzake. Mwalimu akautazama mlango, akafungua sura ya viongozi waliopinduliwa.

“Soma mwenyewe, mwanangu.”

“Nimeshasoma. Nataka unieleze.”

Mwalimu akautazama tena mlango. Akot akamhurumia, akafunga kitabu.

“Basi, Mwalimu, turudi kwenye hesabu.”

Mwalimu akaishika kalamu kwa uchovu, akijua kwamba historia Akot atafeli, na kwamba kosa si la binti.