Poda Niliyommwagia Nasiba

Kwa miaka kumi na minane Asumini amekuwa akiuza mandazi mbele ya lango la shule yetu ya sekondari ya serikali, hapa Majengo. Maprefe sita, yaani wakuu wa shule, wamemkuta na kumwacha palepale. Yeye mwenyewe aliacha masomo mwaka wa nne, akaolewa, na mpaka leo kila mwanafunzi anayenunua andazi huulizwa, "Interro ilienda je?" kana kwamba yeye ndiye atakayelisahihisha jaribio hilo.

Mwaka jana binti yake, Nasiba, alianguka mtihani wa diploma ya serikali, ule wa kumaliza sekondari. Asumini alikuwa amekwisha kununua kopo la poda, maana kwetu anayepata diploma humwagiwa poda kutoka kichwani hadi miguuni, mtaa mzima ujue. Kopo akalificha chini ya kitanda. Nasiba akarudi darasani kukaa benchi moja na watoto aliowazidi umri, akamwambia mama yake wazi: akianguka tena, hataweka mguu shuleni.

Mwaka huu matokeo yalianza kuingia Jumamosi mchana, kwa ujumbe wa simu. Mimi ni jirani yao, Mama Fortunat, na simu yangu ndiyo iliyolia kwanza: Fortunat wangu amepata! Akili ziliniruka. Nilikamata poda, nikakimbilia langoni pa shule, nikawamwagia wote waliokuwa wakicheza pale. Nasiba alikuwa akipita na bidoni, dumu lao la maji. Alifungua kinywa aseme kitu. Nikamjaza poda mpaka mdomoni.

Alifika kwao mweupe pe. Asumini alipomwona alitupa mwiko, akapiga vigelegele, akamkumbatia huku akilia. Majirani wakajaa uani, nami nyuma yao, nikicheza.

"Mama, acha," Nasiba akasema. "Miye bado sijui. Message bado haiyakuja. Ni Mama Fortunat alinimwangia poudre mu njia."

Macho yote yakanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Binti akainamia bidoni ili anawe, mama yake akamshika mkono.

"Usinawe. Bakia vile vile mpaka ikuje."

"Na kama nilianguka?"

"Tutanawa sisi wawili. Mama Fortunat atachota maji."

Hakuwa akitania. Simu yao ikawekwa juu ya beseni la mandazi lililopinduliwa, nasi tukaikodolea macho. Ililia mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa matangazo ya kampuni ya simu. Niliyatukana moyoni, Mungu anisamehe.

Mara ya tatu Nasiba aliisoma, akampa mama yake. Asumini aliisoma polepole, midomo ikicheza, kisha akaanza tena mwanzo.

"Cinquante-six," akasema, hamsini na sita kwa mia, na kwetu hamsini hutosha. "Alhamdulillah. Mutoto yangu, cinquante-six!"

Nikakaa chini kwenye mawe. Sijawahi kufurahia maksi za mtoto wa mwenzangu kiasi kile.

Asumini aliingia ndani, akatoka na kopo la mwaka jana. Poda ilikuwa imegandamana, akaligonga ukutani mpaka ikalegea. Nasiba akalichukua mkononi mwa mama yake, akammwagia lote.

Jumatatu watu walikuja shuleni kuandikisha watoto, na Asumini alikuwa langoni na mandazi yake. Nikamnong'oneza kwamba ana poda nyuma ya sikio.

"Ninajua," akanijibu. "Uiache."