Mtaalamu wa Karasha Asiyelijua Karasha

Wiliam Jilala alizaliwa Kharumwa, kwenye boma lenye ng'ombe wengi, akasoma kompyuta hadi shahada, na tangu hapo hakugusa tena kitu chenye vumbi. Kwa hiyo Viral, mwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu pale Runzewe, alipotafuta mtu wa kuiandikia mitambo programu, alimpata anayefaa kabisa: Kiingereza kimenyooka, shati jeupe, kompyuta ya bei mbaya. Kama amewahi kufungua mota, hakuna aliyemuuliza. Sisi wapiga chepe tuliambiwa tusimsumbue.

Programu aliiandikia ofisini, kwenye kiyoyozi. Mkanda upeleke mawe kwenye mdomo wa karasha, na jicho la umeme lililofungwa juu ya mdomo likiona yamejaa, mkanda usimame wenyewe. Ilikuwa programu nzuri, nakubali shingo upande. Ikifanya kazi mbele ya bosi siku ya majaribio, Wiliam anaajiriwa. Ikigoma, anarudi kwa baba yake kuchunga.

Siku ikafika, mkanda ukagoma. Mtaalamu wetu hakuinuka. Kwake yeye kosa huishi ndani ya kompyuta tu, basi akalitafuta humo humo, akafuta amri ya kusimama. Mkanda ukaondoka, tukapiga makofi. Mawe yakaja, yakajaa, yakaendelea kuja kwa utiifu mkubwa hadi mkanda ukakatika.

Ndipo akatoka, akapanda ngazi. Jicho la umeme lilikuwa limefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua pembeni, kama televisheni ya sebuleni; kwa jicho hilo, mdomo ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Mama Generosa, mfagizi wetu, alikiweka asubuhi ile kwa heshima ya majaribio, maana kitu cha thamani hakiachwi wazi kikala vumbi. Sasa alisimama chini ya ngazi akikitazama kitambaa chake, na kazi ile ndiyo inayolisha wanawe.

Wiliam akakikunja kitambaa, akakitia mfukoni. Viral alipofika akauliza kosa ni la nani. Jibu la wasomi nalijua, kosa huwa la mtu wa chini, nikasubiri alitoe.

"Ni langu, bosi. Nilifuta amri ya kusimama bila kuja kuangalia."

Kwa mara ya kwanza nilimpenda kijana yule, na iliniuma kidogo. Viral aliutazama mkanda, kisha akatuambia tumpe chepe atoe mawe pamoja nasi. Ajira yake ingeanza mdomo ukishakuwa mtupu.

Alipiga chepe vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mama Generosa alipoleta maji ya kunywa, alitupita sote, akampelekea yeye kwanza.