Kikaangio cha Kukhu

Wa rika langu, hebu sogeeni tuongee. Nyinyi mliokunywa maziwa ya pakiti shuleni na kucheza bladda, ule mchezo wa kuruka kamba ya mpira, mpaka mkasahau kuchota maji, mtanielewa. Hawa vijana wetu wa leo wanakutana kunywa kahawa, kila mtu ameinamia simu yake, na kikombe kinapigwa picha mpaka kinapoa. Ati wamekutana! Na nani sasa, bana?

Sisi tulikaa Bungoma mjini, nyumba za kupanga nyuma ya msikiti: ua mmoja, familia sita, mfereji mmoja. Nilikuwa darasa la tano Kuka, babu yangu, alipofariki huko mlimani karibu na Kapsokwony. Baba akamleta Kukhu, nyanya yetu, akae nasi. Alikuja na sanduku la bati, blanketi, na nusu gunia la mbuni, ile kahawa inayokaushwa na maganda yake. Ilikuwa ya mwisho Kuka kuichuma kwa mkono wake. Kukhu alilisukuma gunia chini ya kitanda, kisha akanyamaza.

Huyu ni mama aliyekuwa akiita ng'ombe upande huu wa mlima, upande ule wanasikia. Sasa hata salamu yetu ya "sasa" hakuitikia. Ugali na kunde vilirudi jikoni jinsi vilivyokwenda. Daktari alimpima akasema haoni ugonjwa. Siku moja nikamsikia mama akimnong'onezea baba, "Huyu tutamzika kabla ya mavuno." Niliogopa sana, kwa sababu mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja, na kila usiku niliihisi mifupa yake.

Mama akaamua kumpikia kitu cha kwao. Akachota ile mbuni, akaitwanga, akapepeta maganda, kisha akaiinjika sufuriani akaichemsha kama maharagwe! Tangu asubuhi mpaka saa saba anaongeza maji, anaonja, bado ngumu. Msitucheke. Sisi watu wa kahawa tuliilima, tukaichuma, tukaibeba kichwani mpaka kiwandani, halafu tukarudi nyumbani kunywa chai. Nani alijua inapikwaje? Baba alimaliza kikombe kizima cha yale maji ya kijani kwa heshima ya mkewe, kisha akatoka nje mbio.

Mama Zuhura, jirani yetu wa mlango wa pili, akachungulia sufuria, akamuuliza mama, "Mama Nasimiyu, hii ni kahawa ama githeri?" Alicheka mpaka leso ikamwanguka. Halafu akaleta jiko la makaa, kikaangio, tangawizi na iliki, akaketi mbele ya mlango wa Kukhu. Akaosha kahawa iliyotwangwa ambayo haikuingia sufuriani, akaianika kidogo, akaanza kuikaanga. Moshi ukaingia chumbani. Ndipo tukasikia sauti ambayo hatukuwa tumeisikia wiki nyingi.

"Nyinyi! Munaunguza kahawa ya mzee wangu!"

Kukhu huyo nje, mwiko amenyakua.

"Haya, njoo ukoroge wewe, mama," Mama Zuhura akamwambia, akamvutia kigoda.

Akakoroga, machozi yakimtoka, huku akitueleza jinsi Kuka alivyokuwa mkali kwa mtu akichuma kahawa ambayo haijaiva. Ilipotwangwa na kupikwa akaonja, akakunja uso. "Chungu kama dawa," akasema, na akaomba kikombe kingine. Jioni hiyo alikula ugali. Mimi nililala nikiwa na raha hata sikuusikia mkoromo wake.

Tangu siku hiyo, saa kumi ni uani. Mama Zuhura alimpa Kukhu kikaangio kiwe chake, naye akawa bosi na akatunga sheria yake: hakuna kunywa mpaka kila mlango uitwe. Asiyeitika, sisi watoto tunatumwa kumtazama. Ndivyo tulivyomkuta jirani yetu Mama Rose sakafuni, anawaka homa, akakimbizwa hospitali, akapona. Vikombe vilikuwa vidogo lakini maneno yalikuwa mengi. Mume mlevi alisemwa papo hapo, aliyenuna alichekeshwa mpaka akasahau kilichomnunisha. Mimi si daktari, lakini najua Kukhu alinenepa. Aliishi mpaka nikamaliza Form Four, akaniachia kikaangio.

Nami nikakitia kabatini, mjinga mimi! Sasa nakaa Kitale kwenye ghorofa, nakunywa kahawa ya kopo peke yangu. Mwezi uliopita malaria ilinilaza siku tatu. Watoto wangu walinitumia vimoyo vyekundu kwa simu. Aliyebisha mlango ni mtu wa kusoma mita ya maji. Jirani tunayepakana ukuta nilijua viatu vyake tu, vile anavyoviacha mlangoni. Enzi za Kukhu, siku ya kwanza tu watoto wa uani wangekuwa wameshaingia chumbani kwangu. Nililala pale nikimlilia Kukhu kama mtoto, na nina wajukuu wawili.

Siku ya nne nikatoa kikaangio, nikawasha jiko pale veranda, nikamwaga kahawa mbichi niliyonunua sokoni. Moshi ukaingia kila nyumba. Mwenye viatu akatoka, uso umekunjamana.

"Nani anaunguza vitu hapa?"

"Haya, njoo ukoroge wewe, dada," nikamwambia, nikamvutia kigoda.

Anaitwa Nelima. Miaka miwili tumelala ukuta kwa ukuta, na ndio nimejua jina lake.