Haikusambaa

Mtu aliyetumia miaka arubaini kufungua saa, kioo kikiwa kimebanwa jichoni, huzoea kuamini kwamba kila hitilafu ina chanzo kimoja. Ndivyo alivyokuwa fundi saa huyu. Alipogunduliwa kuwa na saratani ya utumbo, kisha picha ikaonyesha uvimbe pafuni, aliona wazi kuwa gonjwa moja limezaa jingine. Mkewe alilia siku tatu.

Siku ya majibu, daktari alianza na neno jema.

"Ile ya utumbo haikusambaa."

"Alhamdulillahi!" Mke akaruka kitini, akakwapua simu, akatoka mbio. Hakungoja nusu ya pili ya maneno.

Nusu hiyo mumewe aliisikia peke yake. Uvimbe wa pafuni ulikuwa saratani nyingine kabisa, iliyozuka yenyewe, na dawa ya hii haikuifaa ile. Ya pafu ndiyo yenye mbio, basi ingetibiwa kwanza. Upasuaji wa utumbo ungesubiri, na katika kusubiri huko hapakuwa na dhamana.

"Dawa yenyewe huenda ikakutia ganzi vidoleni, mzee."

"Itaondoka?"

"Huenda. Siwezi kukuahidi."

"Ahadi ni za Mwenyezi Mungu, binti yangu. Tuanze."

Hilo halikumshinda. Lililomwia zito lilikuwa nje ya mlango.

Ushorobani, mkewe alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka. "Huyu hapa, msikie mwenyewe!" Akampachika simu sikioni. Aliyekuwa akizungumza ni mdogo wa mkewe.

"Shemeji, umetutia kiwewe bure! Sasa huna kisingizio. Saa yangu umeikalia tangu mwaka jana."

Fundi angeweza kucheka tu, akaiacha furaha ile iishi walau hadi kesho.

"Shemeji, hii ni nyingine."

"Saa nyingine? Nani tena kapenya mbele yangu?"

"Saratani, shemeji. Ya pafu ni nyingine. Ninazo mbili."

Mkewe akaketi polepole, akilipapasa benchi kwanza kana kwamba hana hakika kama lipo.

"Mbili?"

"Mbili, mama watoto."

"Nami nimeshawapigia watu sita."

Akaitaka simu, akampigia kaka yake mkubwa. "Kaka, lile nililokwambia sasa hivi..."

Fundi akaichukua simu taratibu, akamwamkia shemeji yake kwa adabu yote, kisha akaimalizia sentensi ya mkewe.

Walibaki wanne wa kupigiwa.